Wapima Mitaro

Mpima mtaro mtafute Septemba, jua likiwa kali, wakati Mto Ng'ombe pale Tandale, Dar es Salaam, umenywea na watoto wanauruka. Utamkuta ameinama na futi kamba. Anapima kina na upana wa mtaro, anaandika kama ni zege au udongo mtupu, na takataka zimeujaza kiasi gani. Kazi hii naiheshimu sana.

Tandale ilianza kuchorwa ramani na wenyeji wake mwaka 2011. Tangu 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walizunguka kata nyingi za jiji pamoja na wakazi, simu mkononi. Kutumia simu, mtu yeyote hujifunza upesi. Kilicho kigumu ni kuuliza. Mjumbe wa shina anawapeleka kwa mama aliyekaa bondeni miaka mingi. "Shikamoo mama. Maji yalifika wapi?" "Marahaba mwanangu. Hapa," naye anagusa kiuno. Mpimaji ananyoosha futi ukutani palepale, na kumbukumbu ya mama yule inakuwa kipimo ambacho mhandisi atakihitaji akipanga kimo cha daraja.

Yote hayo yafanyike kabla ya vuli, kwa sababu mvua za kwanza zina hila. Kiangazi kizima mchanga na mifuko hujilundika mtaroni. Maji yakija hukosa njia, yakaingia vyumbani. Wanaoteleza kwenye theluji milimani Alps wanaijua hila hiyo. Theluji ya mwanzo wa msimu, ikiwa haba na baridi ikizidi, hugeuka chembe legelege kama sukari. Nyingine nzito ikirundikana juu yake, mtu mmoja tu akipita anaweza kuuporomosha mteremko. Kwa hiyo wao huchimba shimo, wakaisoma theluji tabaka kwa tabaka kabla ya kushuka.

Sisi tulilipa Desemba 2011: mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande.

Ramani inayobaki kwenye kompyuta haimwokoi mtu. Mahali pake ni ukutani, ofisi ya serikali ya mtaa. Nawe uliyepanga Mwananyamala au Keko, nenda kaulize kabla ya Oktoba maji yalifika wapi kwenye nyumba yako, kisha waite majirani mzibue mtaro.