Kompyuta Ilisema Saa Nane

Huu ni mfano wa kubuni, ingawa aliyewahi kufanya kazi katika ofisi za huku hatauona mgeni. Karani wa mikopo katika sacco moja ya Migori mjini anaacha kazi. Wiki mbili baadaye wanachama wanapigiwa simu na mkopeshaji mwingine anayejua hadi salio la kila mmoja. Meneja anamwita kijana wa kompyuta: "Hebu iwashe tuone alichokuwa akifanya." "Sawa, mkubwa."

Ushahidi unaanza kuharibika hapo hapo. Kila faili analofungua, Windows inaandika nyayo mpya juu ya zile za karani. Kama diski ni ya SSD, ni mbaya zaidi: mashine ikiwa na stima huendelea kufagia kimya kimya nafasi za mafaili yaliyofutwa.

Mchunguzi anayejua kazi haiwashi. Huchomoa diski, huiunganisha kupitia kifaa kinachozuia lolote kuandikwa, hunakili kila biti, kisha hupiga hesabu ya SHA-256 kwenye diski na kwenye nakala. Namba zikifanana, diski hufungiwa na kazi hufanywa kwenye nakala.

Anachotafuta kwanza ni fleshi. Rejista ya Windows, sehemu ya USBSTOR, hutunza aina ya fleshi iliyochomekwa na mara nyingi namba yake ya kiwandani. Vijifaili vya njia ya mkato huonyesha faili gani lilifunguliwa kutoka kwenye fleshi hiyo, hata kama lenyewe limeshafutwa.

Sasa saa. Rejista inasema fleshi iliguswa 14:52. Meneja anasoma saa nane na dakika 52 mchana. Lakini daftari la mahudhurio linaonyesha kuwa saa nane karani alitia sahihi katika tawi la Homa Bay, na matatu ya kupitia Rongo hairuki. Wakili wa karani anatabasamu. Kumbe rejista huandika saa za UTC, zilizo nyuma ya za hapa kwa saa tatu. Ongeza tatu, unapata saa kumi na moja na dakika 52 jioni. Faili la setupapi, linaloandika kwa saa za hapa siku fleshi inapochomekwa mara ya kwanza, linasema 17:52. Mashine moja, saa mbili, zote za kweli. (Kwenye kompyuta kuukuu ambayo betri ya bodi imekufa, stima ikipotea saa hurudi miaka nyuma, kwa hiyo saa ya mashine hulinganishwa na ya kweli kabla ya lolote.)

Mambo haya si ya sacco ndogo pekee. Mwaka 2019 mteja mmoja aliishtaki Safaricom akidai taarifa za wateja milioni 11.5 waliocheza kamari zilikuwa zimevuja.

Mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinadai cheti cha mtu anayewajibika kwa mashine iliyotoa rekodi. Bila hicho, nakala nzuri inaweza kukataliwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inaipa sacco saa 72 tangu ijue uvujaji wa hatari ili imwarifu Kamishna wa Data. Simu binafsi ya karani haiguswi bila ridhaa yake au amri ya mahakama.

Halafu linabaki swali ambalo rejista haina jibu lake. Akaunti iliyotumika ni ya "admin", inayotumiwa na makarani watatu, na nenosiri limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta.