Gharama ya Matakwa: Riwaya ya Ende Katika Filamu

Riwaya ya Michael Ende, Die unendliche Geschichte (1979), ilichapwa kwa wino wa rangi mbili, ili msomaji atambue mara moja iwapo yumo katika ulimwengu wa Bastian, mvulana asomaye, au katika nchi ya njozi inayosomwa. Filamu ya Wolfgang Petersen (1984) iliuchora mpaka huo kwa picha, tena kwa ustadi. Udhaifu wake uko kwingine. Filamu huishia takriban katikati ya riwaya: Bastian anampanda joka na kuwafukuza mitaani watoto waliokuwa wakimwonea. Hadhira hushangilia. Katika riwaya, hapo ndipo masaibu yanapoanza, kwani kila takwa linalotimizwa humpokonya kumbukumbu ya kwao, hata jina lake mwenyewe likamtoka. Ende aliipinga filamu hiyo hadi mahakamani, akashindwa. Wako waliomwona kuwa mtunzi mwenye wivu tu. Lakini kilichokatwa hapa si tukio, ni dhamira yenyewe. Filamu ya pili (1990) iliirejesha kwa kiasi, ila humo lawama anabebeshwa mchawi Xayide na mtambo wake. Katika riwaya, Bastian huliwa na matakwa yake mwenyewe.