Santuri ya Sinema na Wimbo wa Mvua

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu alirudi kutoka Kilwa Masoko, na ndani ya simu yake amechukua santuri nzima ya muziki wa sinema. Nasema santuri kwa desturi yetu sisi watu wazima. Vijana husema albamu, na sahani yenyewe siku hizi haionekani tena kwa macho. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeokota lulu. Akaniambia, "Mwalimu, muziki huu wapenzi wa sinema waliupokea kwa shangwe huko duniani, na ndani yake mna sauti ya kwetu Afrika ya Mashariki. Sikiliza, kisha useme." Nikasikiliza mara ya kwanza, nikasikiliza mara ya pili, na sasa nasema, maana si vema kukisifu kitu kwa kuwa wengine wamekisifu, wala kukikataa kwa kuwa ni kigeni.

Sinema yenyewe yaitwa The Constant Gardener, yaani Mtunza Bustani Asiyechoka. Ilitoka mwaka 2005, nayo ilitolewa katika kitabu cha Mwingereza John le Carré kilichochapwa mwaka 2001. Aliyeiongoza ni Fernando Meirelles wa Brazili, na sehemu zake nyingi zilipigwa picha katika nchi ya jirani zetu, Kenya: katika mtaa wa Kibera mjini Nairobi, na huko Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Habari yake ni ya mtumishi wa ubalozi wa Uingereza, mtu mpole apendaye maua, ambaye mkewe anauawa safarini. Mume anapofuata nyayo za kifo kile anavumbua kwamba wenye kampuni ya dawa wamewajaribia maskini dawa ya kifua kikuu, na habari za waliokufa wamezificha. Kila mlango aufunguao, nyuma yake pana mlango mwingine, na mtazamaji huketi akiuma vidole. Sinema za namna hii huitwa sinema za taharuki.

Watu wa Likawage hawana haja ya kufundishwa taharuki. Ye yote aliyelala katika dungu wakati wa mahindi kukomaa aijua. Ndovu akisha kuingia shambani, taharuki imekwisha, imebaki kazi: kupiga madebe, kuwasha moto, kuwaita majirani. Bali saa ile kabla hajaja, vyura wanaponyamaza ghafula, na mwenzako akakushika mkono asiseme neno, hiyo ndiyo taharuki. Si kelele, ni kungoja. Nawaomba wasomaji walishike neno hili, kwa kuwa ndicho kipimo nitakachopimia santuri hii.

Kazi ya muziki katika sinema kama hiyo ni kumfanya mtu angoje. Katika Biblia twasoma kwamba Daudi alipiga kinubi ili kumtuliza Mfalme Sauli. Mtunzi wa sinema ya taharuki hufanya kinyume cha hayo: humtia wasiwasi mtu aliyeketi salama kitini pake. Mfano mkubwa ni Bernard Herrmann wa Marekani, aliyetunga muziki wa sinema iitwayo Psycho mwaka 1960. Alitumia ala za nyuzi peke yake, bila ngoma wala tarumbeta. Alfred Hitchcock, aliyeiongoza sinema hiyo, alikuwa ametaka tendo la mwanamke kuuawa bafuni lipite bila muziki wo wote. Herrmann akatunga vivyo hivyo, na Hitchcock aliposikia akakubali kwamba kwa muziki lilikuwa bora zaidi. Basi twaona ya kuwa fidla zikipigwa na mtu ajuaye zaweza kutia hofu kupita damu inayoonekana kwa macho.

Walakini hapo ndipo penye shida ya santuri. Muziki uliotungwa ili kuitumikia picha, ukitengwa na picha yake, huwa kama mjumbe aliyefika bila barua. Twamwona amechoka, twajua alikotoka ni mbali, lakini hatujui alitumwa nini. Wapenzi wa sinema hujibu kwamba wao wakisikiliza huiona picha tena moyoni, na hiyo ndiyo raha yao. Siwakatalii. Lakini sisi tulio wengi, ambao hatukuiona sinema ile, tuna haki ya kuuliza: je, santuri hii yaweza kusimama kwa miguu yake yenyewe?

Mtunzi wake ni Alberto Iglesias wa Hispania. Kazi yake ilipokewa vizuri sana. Ilikuwa miongoni mwa tano zilizoshindania tuzo ya Oscar ya muziki katika mwaka 2006, ingawa ushindi ulikwenda kwa sinema nyingine. Na mwaka uo huo alipewa kwayo tuzo ya World Soundtrack huko Ubelgiji. Nami naona sifa ile haikuwa ya bure. Jambo la kwanza la kumsifu ni kwamba hakupiga madebe. Watunzi wengi, wakiona mtu wa sinema anakimbia, huamuru ngoma kubwa zipigwe mpaka masikio yaume, wakidhani hofu na kelele ni ndugu. Debe tupu haliachi kuvuma. Iglesias huchukua sauti chache, huzirudia polepole kama mapigo ya moyo, kisha hunyamaza kidogo. Na katika kunyamaza kule msikilizaji hujikuta amezuia pumzi. Huyu alijua habari za dungu, ingawa labda hajalala humo hata siku moja.

Lakini mwenye kusifu sharti aseme na kasoro, ama sivyo sifa yake haina uzito. Kasoro ya kwanza ni kwamba vipande vingi ni vifupi mno. Moyo unapoanza kuketi, kipande kimekwisha, kingine kimeanza chenye habari nyingine. Mtazamaji hasumbuki, kwa kuwa macho yake yana kazi. Msikilizaji wa giza la usiku husumbuka sana. Kasoro ya pili ni majina ya vipande. Mengine yatamka wazi wazi kifo cha mtu fulani, hata mtu asomaye majina kabla ya kuiona sinema amekwisha kuambiwa nani atakufa. Huko ni kuiua taharuki kabla haijazaliwa, na aliyeipanga santuri angeweza kuyaepuka hayo bila gharama yo yote.

Sasa naja kwa kile nilichokipenda kupita vyote. Katikati ya santuri mna wimbo mmoja uitwao Kothbiro, wa Ayub Ogada, Mjaluo wa Kenya. Jina la wimbo, kwa Kijaluo, maana yake ni kwamba mvua inakuja. Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akaitwa Job Seda. Alipiga nyatiti, ambayo ni kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Mpigaji wake huketi chini, vidole vyake hudonoa nyuzi, na katika kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma ambayo kwayo hugonga mti wa kinubi, na njuga hulia mguuni. Mtu mmoja basi ni mwimbaji, na mpiga kinubi, na mpiga ngoma, yote pamoja.

Wimbo huu haukutungwa kwa ajili ya sinema. Uliwekwa katika santuri kwanza mwaka 1976 na bendi ya Kenya iliyoitwa Black Savage, ambayo Ogada alikuwa mmoja wao. Baadaye alikwenda Uingereza, akapiga nyatiti yake katika vituo vya treni za chini ya ardhi mjini London, wapita njia wakimtupia senti, mpaka waliojua muziki wakamtambua. Mwaka 1993 akatoa santuri yake mwenyewe, En Mana Kuoyo, na Kothbiro ukawamo tena, mara hii kwa nyatiti na sauti nyororo. Sinema ilipokuja kuuchukua mwaka 2005, wimbo ulikuwa na umri wa miaka 29. Wale walioushangilia kama kitu kipya walikuwa wakimshangilia mtu mzima mwenye watoto.

Kwa nini wimbo huu usimame pale ambapo vipande vingine vyayumba? Jibu langu ni kwamba wenyewe una kungoja kwake ndani yake, wala haukuazima kwa picha. Mwenye kuimba mvua inakuja hajasema mvua imefika. Nyuzi zarudia neno lile lile, hazipandi wala hazishuki kwa haraka, na sauti yapita juu yake kama mtu atazamaye mawingu. Humo mna tumaini na hofu pamoja, kama ajuavyo kila mkulima. Maana mvua ni chakula, na mvua ni nyumba kuvuja.

Nilitaka kujua kama haya ni mawazo ya mwalimu tu. Basi jioni moja, mawingu yakiwa upande wa bahari na mbegu za ufuta zingali vikapuni, niliwaalika majirani barazani, nikawapigia vipande kadha nisiwaambie habari yake. Vile vyenye mapigo ya mbio, watoto walicheka, wakauliza nani anafukuzwa. Ulipofika Kothbiro, mzee mmoja aliyekuwa akisuka mkeka aliacha kusuka. Ulipokwisha akasema, "Huyu anangoja kitu. Sijui lugha yake, lakini anangoja." Nilipomwambia maana ya jina lake alitazama mbinguni, akaendelea na ukindu wake. Sidhani kama wale waliogawa tuzo walitoa hukumu bora kuliko hiyo.

Nikamwuliza yule mwalimu mwenzangu, "Nani aliyeuimba?" Akajibu, "Ni wimbo wa sinema ile." Nikamwuliza tena jina la mtu, akatabasamu kwa haya, hakulijua. Hapo, ndugu wasomaji, ndipo moyo wangu uliponiuma, na kwa sababu hiyo hasa nimeshika kalamu. Alikuwa ameipenda sauti ile mwezi mzima asijue ni ya nani. Mwenzangu alijitetea kwamba bila sinema ile wimbo usingemfikia kamwe huku Likawage. Ni kweli, nami naishukuru sinema. Mchukuzi astahili ujira wake. Lakini mchukuzi si mwenye mzigo. Wimbo uo huo, kwa sauti ya Black Savage, ulitumiwa tena mwaka 2018 na Kanye West wa Marekani katika wimbo wake, na kwa mara nyingine vijana wengi wakaujua kwa jina la mtu mwingine. Ayub Ogada alifariki Februari 2019 huko kwao upande wa Kisumu. Amekufa, na sauti yake yazunguka dunia. Lililo dogo tuwezalo kumlipa ni kulitaja jina lake.

Hukumu yangu basi ni hii. Mtu aliyeiona sinema na aipokee santuri hii kwa furaha, kwa kuwa imetungwa kwa kiasi na kwa akili. Mtu asiyeiona asiisikilize kwa mfululizo tangu mwanzo hata mwisho, atachoka, achague. Na ye yote atakayeupenda Kothbiro na atafute santuri ya Ogada mwenyewe ya mwaka 1993, akausikie wimbo nyumbani kwao, kabla haujaenda kufanya kazi ya kibarua katika nyumba ya sinema.

Nami sina budi kuongeza neno moja kwa walimu wenzangu. Katika misitu ya wilaya yetu ya Kilwa unaota mpingo, mti ambao mafundi wa Ulaya huutumia kuchongea klarineti na ala nyingine za kupuliza. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata hati ya kimataifa ya kutunza vizuri msitu wao, ili mpingo uuzwe kwa haki na ujulikane ulikotoka. Mti wetu siku hizi waweza kuwa na hati ya kusema alipozaliwa. Nyimbo zetu hazina. Wapo hapa Likawage wazee wenye nyimbo za kungojea mvua, na za kulinda shamba usiku, na za kumsindikiza msafiri. Wakifa huenda nazo, au huchukuliwa na mpita njia, zikasikiwa ugenini kama nyimbo zisizo na baba.

Nimeanza na wanafunzi wangu wa darasa la saba. Kila mmoja amepewa daftari, naye ataandika wimbo mmoja wa nyumbani kwao, na juu ya wimbo, kabla ya neno la kwanza, ataandika jina la aliyeutunga, au la mzee aliyemfundisha, na kijiji chake. Mwalimu mwenzangu ameomba kuwasimamia. Naye katika simu yake amekwisha kubadili maandishi: palipoandikwa wimbo wa sinema, sasa pameandikwa Ayub Ogada.