Alama Ndogo, Mzigo Mkubwa: Uhakiki wa Hojaji ya MSISQ-19 kwa Wasemaji wa Kibajuni

Makala haya yanahakiki hojaji ya MSISQ-19, iliyochapishwa na Sanders, Foley, LaRocca na Zemon mwaka 2000 ili kupima jinsi maltipo sklerosisi, maradhi ambamo kinga ya mwili hushambulia utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo, yanavyoathiri unyumba. Ina vipengele 19. Kila kimoja hujibiwa kwa alama 1 hadi 5 kuhusu miezi 6 iliyopita, na jumla huwa kati ya 19 na 95. Swali letu ni hili: alama hiyo itasema nini juu ya Mbajuni wa Fuma au Kismayu, au wa jamii iliyotawanyika hadi Mombasa na Uingereza baada ya vita vya 1991?

Sifa yake kuu ni kutenganisha athari tatu: za neva zenyewe, kama ganzi ya viungo vya uzazi, za dalili nyingine za mwili, kama mkojo usiozuilika na kukakamaa kwa misuli, na za nafsi na jamii, kama hofu ya kukataliwa. Kwa mgawanyo huo, tabibu hujua aanzie wapi.

Kasoro ya kwanza hujitokeza katika kufasiri. Jibu la pili la Kiingereza likifasiriwa neno kwa neno huwa “karibu kamwe”, usemi usiotamkwa na Mswahili yeyote. “Kwa nadra” lafaa zaidi. Kipengele cha kujiamini kijinsia nacho chapotoka, kwani “jinsia” kwa wasikilizaji wengi ni kuwa mume au mke, wala si tendo la ndoa.

Kasoro ya pili ni ya kimuktadha. Hojaji huuliza iwapo ugumu wa kujongea umezuia tendo, lakini haiulizi kinachofuata. Kwa Mwislamu, tendo hilo hulazimu kuoga janaba. Asiyeweza kuteka maji wala kujiogesha huenda akaliepuka ili asikose sala, na hojaji haina mahali pa kuiandika sababu hiyo. Vilevile, mke ambaye mumewe yuko ng’ambo kwa miezi yote 6 aweza kupata alama ndogo, si kwa uzima bali kwa upweke.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito. Katika fiqhi ya Shafi‘i, inayofuatwa pwani hii, mume kushindwa tendo la ndoa ni, kwa masharti yake, miongoni mwa sababu za mke kuomba ndoa ivunjwe. Mwanamume anayejibu mbele ya jamaa atoa ushahidi dhidi ya ndoa yake. Akinyamaza, mshauri wa sera atasoma alama ndogo na kuhitimu kwamba huduma haihitajiki.

Twapendekeza mambo matatu. Mosi, tafsiri ijaribiwe kwa Kibajuni cha kusemwa, si Kiswahili sanifu pekee. Pili, mahojiano yawe ya faragha, mwanamke kwa mwanamke na mwanamume kwa mwanamume. Masomo, ambao kwa mila humfunza bi harusi mambo ya unyumba, washirikishwe kuteua maneno ya staha. Tatu, viongezwe vipengele vya tohara na utengano wa wanandoa, navyo vihesabiwe kando ili alama 19 hadi 95 ibaki na ulinganifu wake kimataifa.

Hadi hayo yafanyike, alama ndogo isichukuliwe kuwa dalili ya afya.