Sifa za Mpanga Namba

Ukipiga simu ukakosea tarakimu moja, utaambiwa. Atapokea mtu, atauliza unamtaka nani, utaomba radhi na mambo yataishia hapo. Faksi haina bahati hiyo. Ikikosea namba, na upande wa pili kukawa na mashine nyingine ya faksi, mashine hiyo itaitikia, itapokea kurasa zote hadi ya mwisho, na yako itachapa ripoti kwamba kazi imekamilika. Ankara ya mteja mmoja imeshatua mezani kwa mshindani wake, na hakuna aliyeguna. Ndiyo maana namheshimu sana karani anayejua kuhifadhi na kupanga namba kwenye mashine hii. Kosa lake halitajitangaza, kwa hiyo analizuia kabla halijazaliwa.

Nilijifunza kuithamini kazi hii katika ofisi ya uwakala wa forodha Dar es Salaam, enzi ambazo barua pepe haijaenea. Mizigo ya Rwanda, Burundi, Zambia na mashariki ya Congo hupita bandari ile, na karatasi lazima zitangulie: hati ya shehena, ankara, orodha ya vilivyomo ndani ya kontena. Kiwango cha kimataifa cha faksi cha mwaka 1980, kile cha Kundi la Tatu, ndicho kilichowezesha ukurasa wa A4 kupita kwenye laini ya kawaida ya simu kwa takriban dakika moja. Mteja wa Kigali aliweza kusoma na kusahihisha hati asubuhi ileile. Hati ikichelewa, kontena linakaa, na likikaa storeji inapanda. Katika hali hiyo, anayebonyeza kitufe huwa ana haraka, na mara nyingi siye aliyeihifadhi namba. Anamwamini aliyeipanga.

Namba yenyewe ina mambo. Kwenye ofisi yenye swichibodi unaanza na 9 ya kutokea nje, kisha 000 ya kimataifa, kisha 250 ya Rwanda, kisha namba ya mteja. Lakini baada ya ile 9 laini ya nje huchukua muda kidogo kupatikana. Mtu anayepiga kwa mkono hungoja mlio bila hata kufikiri. Mashine haingoji mpaka uiamuru, kwa hiyo karani anaweka kituo, ambacho kwenye skrini huonekana kama kistari au herufi P, na mashine inanyamaza sekunde mbili tatu kabla ya kuendelea. Bila kistari hicho tarakimu za mwanzo zinamezwa na namba iliyobaki inakwenda isikojulikana. Na ikiangukia kwenye nyumba ya mtu ni balaa, kwa sababu mashine ina tabia ya kurudia kupiga yenyewe kila baada ya dakika chache. Mzee wa watu anaamka usiku, ananyanyua simu, na anachosikia ni mlio mkali wa nusu sekunde unaojirudia kila baada ya sekunde tatu. Kistari kimoja kinamwepusha na adha hiyo mtu ambaye karani hatamjua maishani.

Kisha jina. Hakuna kibodi, kuna vitufe vya namba tu, na nafasi za herufi hazifiki mbali. Tuandike KIGALI: 5 mara mbili kwa K, 4 mara tatu kwa I. Hapa wengi hukwama, kwa kuwa G nayo iko kwenye 4, na ukiendelea kubonyeza, ile I inageuka. Lazima usogeze kishale kwanza, ndipo 4 mara moja, 2 mara moja, 5 mara tatu, 4 mara tatu. Nimemtazama katibu muhtasi akifanya hivi huku akiongea na dereva dirishani, vidole vikihesabu vyenyewe, na sikuona alipokosea.

Kwa nini jina lianze na mji? Hilo ni swali la kupanga, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mashine hupanga orodha kwa alfabeti, na mtafutaji anaanza na herufi iliyo kichwani mwake. Bosi hutoka ofisini akasema, "Dada, hii iende Bujumbura sasa hivi." Hataji kampuni, anataja mji. Basi kwa wateja wa nje mji utangulie, na kwa mawakala wa meli litangulie jina la meli au kampuni, kwa sababu hao huitwa kwa majina yao. Vile vitufe vichache vya kubonyeza mara moja wengi huwapa wakubwa, na mimi naona ni kuvipoteza. Vinastahili namba zinazotumwa kwa pupa. Namba zinazobaki zigawiwe kwa mafungu, Burundi kuanzia 20, Rwanda kuanzia 30, Congo kuanzia 40, na kila fungu liachiwe nafasi tupu, maana wateja huongezeka.

Tahadhari kubwa iko kwenye makundi. Kitufe kimoja kinaweza kutuma tangazo la nauli kwa wateja wote wa Rwanda. Kwenye mashine nyingi kundi halikumbuki namba ya simu, linakumbuka nafasi. Ukimfuta mteja wa nafasi ya 34 na kumweka mwingine hapo bila kulikagua kundi, huenda mgeni huyo akapokea bei zisizomhusu. Mpanga namba mzuri hulijua hilo, na kila akibadilisha nafasi moja huchapa orodha nzima ya mashine, akaipitia kwa kalamu, akaandika tarehe na kuiweka kwenye faili. Zipo mashine ambazo umeme ukikatika kwa saa nyingi husahau kila kitu, na Dar ya mgawo wa umeme ilizijua vizuri.

Halafu anajaribu. Anatuma ukurasa mmoja usio na siri, anatazama skrini isome namba ambayo mashine ya pili inajitambulisha kwayo, kisha anapiga simu kuuliza kama umefika. Wengine huona ni kupoteza muda. Mimi naona hapo ndipo namba inapopata haki ya kuhifadhiwa.

Mtihani mkubwa ulikuja misimbo ya mikoa ilipobadilishwa nchini. Dar es Salaam ilitoka 051 ikawa 022, Zanzibar ikatoka 054 ikawa 024, Arusha 057 ikawa 027, na namba za wateja zenyewe zikarefuka. Mabadiliko kama hayo mashine haiyatambui. Hata kampuni ya simu ikiweka sauti ya kurekodi inayoeleza namba mpya, sauti hiyo inaimbia mashine inayosubiri mlio tu, na ripoti itasema hakuna majibu. Karani makini akiona ripoti hiyo mara mbili kwa namba ileile harudii mara ya tatu. Anabonyeza kitufe cha spika, anaipiga namba tena, na anasikiliza mwenyewe kinachosemwa upande wa pili.