Kulisoma Wingu Juu ya Madimba

Ukipanda ndege ya injini moja kutoka Mtwara kuelekea mlango wa mto Ruvuma, utadhani rubani anatalii. Kichwa hakitulii: upeo, bawa, dashibodi, chini, tena upeo. Kumbe yuko kazini, anaisoma hewa.

Kazi huanza kabla ya kuwasha injini. Ripoti ya uwanja humpa upepo, mawingu, mgandamizo wa hewa na vipimo viwili vya joto: la hewa yenyewe, na lile ambalo likifikiwa mvuke huanza kuwa umande. Hesabu huifanya kichwani. Hewa ikiwa nyuzi 30 na umande 24, tofauti ni 6. Akizidisha kwa 400, kitako cha mawingu ya mchana hukisiwa karibu futi 2,400. Tofauti ikizidi kupungua, ajue mawingu yatashuka.

Lakini ripoti ni ya uwanjani, na ya saa ile. Kimbunga kama Kenneth cha Aprili 2019 setilaiti hukiona siku kadhaa mapema. Wingu moja juu ya mitambo ya gesi ya Madimba humtaka mtu aliye karibu. Hapo moshi wa shamba linalochomwa ni kipimo: ukilala, upepo una nguvu, ukipanda wima kisha ukatanda kama dari, kuna hewa ya joto imeukalia. Kwenye Ghuba ya Mnazi hutazama mawimbi. Povu jeupe likianza kutapakaa, upepo umefika noti kumi hivi.

Mchana upepo wa bahari huingia bara, na mawingu hujipanga sambamba na pwani. Rubani hodari huchagua moja, akalirudia kila baada ya dakika chache. Likizidi kurefuka, na kilele bado kinachemka, halijamaliza kukua. Pazia la kijivu likigusa mikoko, mvua imeshuka, na upepo unaofuatana nayo hugeuka ghafla. Sheria ya kuruka kwa macho humtaka aone kilomita 5 mbele. Yeye hangoji kufika hapo. Hugeuka nyuma kukiwa bado kweupe, bila haya wala haraka.

Kisha hushika redio: wingu liko wapi, kitako futi ngapi, mtikisiko kiasi gani. Ni sentensi mbili tatu, na rubani anayejiandaa kuruka Mtwara hupanga njia nyingine.