Wahitimu 80, Dakika 15

Katika shule za sekondari za Marekani, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, palikuwa na kazi ya uandishi ngumu kuliko hotuba ya kuaga, ingawa aliyeifanya hakuvishwa medali. Iliitwa utabiri wa darasa. Mwanafunzi mmoja, au wawili watatu wakisaidiana, walichaguliwa waeleze kila mhitimu atakuwa nani baada ya miaka 10, 20 au 25, na waeleze kwa kuchekesha. Utabiri ulisomwa mbele ya wazazi na walimu katika Siku ya Darasa, kisha mara nyingi ukachapwa kwenye kitabu cha mwaka pamoja na picha za wahitimu, historia ya darasa, na wosia wa darasa, ambamo wanaoondoka waliwarithisha wanaobaki vitu kama kiti cha nyuma karibu na dirisha au kipaji cha kusinzia bila kuonwa.

Wanaozisoma tabiri hizo leo hupenda kuangalia kama zilitimia. Swali hilo halina faida kubwa. Swali la fundi ni hili: unawezaje kuwataja wahitimu 80, bila kumruka hata mmoja, kwa dakika 15, na ukumbi ukabaki unasikiliza? Piga hesabu. Kila mtu anapata sekunde 11 hivi, yaani sentensi moja, au mbili zikiwa fupi. Na majina 80 yakifuatana huchosha hata kama kila jina lina kichekesho chake. Utabiri mzuri ulikuwa jibu la tatizo hilo, nao waliolijibu walikuwa vijana wa miaka 17 na 18.

Desturi yenyewe ilitoka vyuoni. Pale Harvard darasa la mwisho lilikuwa na msemaji wake na mshairi wake. Ralph Waldo Emerson, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alikuwa mshairi wa darasa la 1821. Shule za sekondari zikaiga. Robert Frost, baadaye mshairi mashuhuri, alikuwa mshairi wa darasa lake mjini Lawrence, Massachusetts, mwaka 1892, na heshima ya kuongoza darasa aligawana na Elinor White, msichana aliyekuja kumwoa mwaka 1895. Kando ya mshairi na msemaji wakawekwa mwanahistoria na mtabiri. Halafu wahitimu wakaongezeka. Mwaka 1910 vijana wa Marekani waliomaliza sekondari hawakufika 10 katika kila 100 wa umri huo. Kufikia 1940 walikuwa nusu hivi. Katika miongo hiyo shule nyingi za miji midogo zilikuwa na madarasa ya ukubwa unaoufaa utabiri: watu wengi kiasi cha kumtesa mwandishi, wachache kiasi kwamba kila mmoja anajulikana kwa jina, sauti na mwendo.

Jibu la kwanza la mtabiri lilikuwa chombo cha kuonea. Hakusimama tu na kusema fulani atakuwa daktari. Alitafuta kwanza sababu ya kuwaona wenzake wote kwa mpigo baada ya miaka 20: tufe la kioo la mpiga ramli, ndoto, safari ya treni kuvuka nchi, gazeti la mwaka ambao haujafika. Kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilipoanza matangazo Novemba 1920 na redio ikaenea majumbani, kikapatikana chombo kipya: mtabiri anazungusha kitufe, na kila kituo anachokamata kina mwenzake ndani yake. Ndege, televisheni na roketi za kwenda mwezini zilifuata kwa zamu.

Vyombo hivi havilingani nguvu, na hapa ndipo tabiri nyingi zilipofia. Tufe la kioo linafungua mlango tu. Mawingu yanatawanyika, namwona fulani. Mawingu yanarudi, yanatawanyika, namwona fulani mwingine. Kwa mtu wa tatu inapendeza, kwa mtu wa kumi hadhira inaanza kuhesabu waliobaki. Safari ni bora kidogo, maana treni ina abiria, mhudumu, dereva na stesheni, na kila mmoja wao anaweza kuwa mwanafunzi wa zamani. Lakini safari inadai maneno mengi ya kusogea: tukafika, tukashuka, tukapanda tena. Ukiwa na sekunde 11 kwa kila mtu huna maneno ya kupoteza njiani.

Gazeti lilivishinda vyote. Tayari limegawanywa: ukurasa wa mbele una wanasiasa na wahalifu, ndani mna ndoa, michezo, ushauri wa mapenzi, matangazo ya biashara, vilivyopotea na vilivyookotwa. Kila safu ina sauti yake, kwa hiyo msikilizaji anabadilishiwa mwendo kila baada ya watu wanne watano bila mtabiri kuomba radhi. Tena safu nyingine zinavumilia ufupi ambao kwingine ungeonekana dharau. Tuchukue mfano ninaoutunga hapa: kijana ambaye kila somo aliazima kalamu na hakurudisha. Kwenye safu ya vilivyookotwa, chini ya jina lake, pameandikwa: "Kalamu 400. Wenyewe wafike dukani kwangu kabla ya Jumamosi." Ni maneno manane na namba moja, na darasa zima limeshajua.

Baada ya chombo inakuja malighafi, yaani tabia ya mtu inayojulikana na wenzake. Watabiri walikuwa na njia kuu mbili za kuifanyia kazi. Ya kwanza ni kuipindua: mkimya kawa mnadi, mvivu kawa bingwa wa mbio ndefu, mtundu kawa mkuu wa shule. Njia hii ni rahisi, na ndiyo inayojaa katika tabiri dhaifu. Inahitaji ujue jambo moja tu kuhusu mtu, kisha useme kinyume chake. Ya pili ni kuivuta tabia hadi iingie kwenye kazi ambako italeta matokeo. Msichana aliyechelewa kila asubuhi amekuwa mkuu wa stesheni, na sasa treni zote za mji huondoka dakika 20 baada ya saa iliyoandikwa. Hapa mwandishi amehitaji vitu viwili, tabia na mahali pake, na kicheko kinatoka pale vinapogusana. Binti hakudhihakiwa kwa kuchelewa. Ulimwengu umesogea ukamfuata alipo.

Waliokuwa na kipaji hasa waliziunganisha njia zote mbili. Mkimya awe mnadi, lakini abaki mkimya: anauza kwa kutikisa kichwa, na bei zinapanda kwa sababu hakuna mnunuzi anayethubutu kuuliza zimefikia wapi. Mtu amepewa maisha asiyotegemewa kuyapata, na bado ni yeye yule. Sentensi za namna hii hazipatikani kwa mtu asiyemtazama mwenzake kwa muda.

Kisha kuna hesabu ya kuoanisha. Wawili waliogombana mwaka mzima juu ya dirisha, mmoja akitaka lifunguliwe na mwingine lifungwe, wamefungua pamoja kampuni ya vioo. Sentensi moja, majina mawili. Mtabiri mwenye jozi 10 na vikundi 5 vya watu watatu watatu amewamaliza watu 35 kwa sentensi 15, na muda alioukomboa ataupeleka kwa wale wanaohitaji sentensi mbili. Ndiyo maana tabiri zilijaa ndoa, ubia wa biashara, vikundi vya muziki na sarakasi. Hayo hayakuwa mawazo tu kuhusu maisha ya baadaye. Ni mbinu ya kuokoa muda.

Kati ya kanuni za kazi hii, iliyoshikwa sana bila kuandikwa popote ni kwamba kwa kawaida hakuna anayekufa. Miaka 20 ni mbali kiasi kwamba hakuna atakayedaiwa, na ni karibu kiasi kwamba wote waliomo ukumbini wanatarajia kuwapo. Kanuni hiyo ilipata mtihani mkali mwaka 1917. Katika shule ya Oak Park and River Forest, nje kidogo ya Chicago, mtabiri wa darasa mwaka huo alikuwa Ernest Hemingway, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, na kazi yake ilichapwa katika Senior Tabula, chapisho la wahitimu. Hakuwa mgeni wa uchekeshaji. Gazeti la shule, Trapeze, lilikuwa limeshamchapia makala za kumwiga Ring Lardner, mwandishi wa michezo aliyependwa sana Chicago. Lakini Marekani ilikuwa imeingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 6 Aprili 1917. Wavulana waliosubiri kusikia kichekesho chao mwezi Juni walikuwa wanasubiri pia kujua nani atakwenda vitani. Kuchekesha juu ya kesho ya kijana katika mwezi kama huo ni kazi inayotaka mkono mtulivu.

Mtabiri mwenyewe alijeruhiwa Fossalta di Piave, Italia, tarehe 8 Julai 1918, akihudumu na Msalaba Mwekundu, siku 13 kabla ya kutimiza miaka 19. Maisha yake ya baadaye yanatuhusu sisi pia: Januari 1934 alitolewa Tanganyika kwa ndege, mgonjwa wa kuhara damu, akapelekwa Nairobi, na hadithi aliyoipa jina la theluji za Kilimanjaro ilitoka mwaka 1936. Januari 1954 alianguka na ndege mara mbili mfululizo nchini Uganda. Magazeti yakatangaza kwamba amekufa, naye akazisoma tanzia zake mwenyewe. Kwa mbinu, hicho ni kichekesho kamili cha utabiri wa darasa: gazeti kama chombo, mtu halisi, na taarifa inayokanushwa na msomaji wake. Ila mtabiri wa Oak Park angeshauriwa akifute.

Kuna mahali kazi hii ilishindwa vibaya, na si kwa kukosa ufundi. Ni kwa wasichana. Soma tabiri za kabla ya 1960 na utawakuta wakigawiwa vyumba vichache: mke wa fulani, muuguzi, karani, mwalimu, mcheza sinema. Palipotakiwa kicheko kikubwa, msichana alifanywa meya, jaji au rais, na kichekesho kilikuwa kile cheo chenyewe. Huo ni upinduaji mtupu, na ni wa kivivu kuliko wote, kwa sababu haukuhitaji mwandishi ajue lolote kuhusu msichana huyo. Mvulana alipewa kazi kutokana na tabia yake. Msichana alipewa kutokana na kuwa msichana. Inauma zaidi unapokumbuka kwamba shuleni walikaa pamoja miaka minne na mtabiri alikuwa na kila nafasi ya kuwajua.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu cha utabiri. Situmii mistari ya watu mashuhuri wa darasa, nahodha wa timu au mchekeshaji, kwa kuwa hao wanajiandika wenyewe. Natafuta mstari wa mwanafunzi ambaye hakuwa na chama, timu wala sifa chini ya picha yake. Katika tabiri nyingi mtu huyo anafuga kuku mahali fulani Iowa. Mtabiri alifika kwenye jina, hakuwa na kitu, akaandika shamba. Katika tabiri chache nzuri amepata kitu ambacho hakingeweza kuwa cha mtu mwingine yeyote: namna anavyokunja karatasi, barabara anayopita kwenda nyumbani, wimbo anaouimba chini chini. Msomaji wa nje hatauelewa mstari huo. Asipouelewa, ni dalili kwamba umeandikiwa wenyewe.

Kwenye mahafali yetu risala kwa mgeni rasmi husema kwa wingi: sisi wahitimu tunashukuru, tunaomba, tunaahidi. Utabiri ulikwenda upande wa pili kabisa. Hakuna lililosemwa kwa jumla. Na leseni yake ya kutania sisi tunaifahamu, maana Mchaga na Mpare ni watani, wanaambiana hata msibani maneno ambayo mwingine angepigiwa. Tofauti ni kwamba utani wa makabila hudumu, na leseni ya mtabiri ilikuwa ya siku moja. Kwa sababu hiyo mwalimu mlezi aliipitia hati kabla ya kusomwa, na mtabiri mwerevu alijua kupunguza ukali bila kupunguza ukweli: kasoro inayojulikana na wote inatajwa, iliyosemwa kwa siri haiguswi.

Sauti nayo ilikuwa na kanuni zake. Jina liwe mwisho wa sentensi au mwanzo? Likija mwanzo, ukumbi unamgeukia mtu na kusubiri. Likija mwisho, ukumbi unakisia, na ukikisia sawa unacheka kabla jina halijatamkwa. Njia ya pili ina nguvu zaidi jukwaani, lakini ikitumika mara 80 inakuwa kitendawili kisichokwisha. Kwenye karatasi mambo yanageuka. Jicho la msomaji linatafuta jina lake kwanza na kuruka mengine yote, hivyo sentensi iliyojengwa kwa ajili ya kusubirisha inapoteza kazi yake. Tabiri nyingi zilizochapwa zinaonekana baridi kwa sababu hiyo: tunasoma maandishi yaliyokatwa kwa kipimo cha pumzi na kicheko cha watu ambao hatuwasikii.

Linabaki jina la mtabiri mwenyewe, ambaye naye ni mhitimu na lazima ahesabiwe. Wengine walijipa kazi duni kuliko zote, mfagiaji wa kibanda cha mpiga ramli, na ukumbi ukapiga makofi kwa adabu. Wengine walijisahau kwa makusudi. Njia ninayoiona bora inahitaji watabiri wawili: kila mmoja anamwandikia mwenzake, na mstari huo hauonyeshwi hadi siku yenyewe, ili anayesimama jukwaani ausikie kwa mara ya kwanza pamoja na darasa zima.